Bonbon Niliyomupa Mama Mukwe Wangu

Musinihurumie. Siandiki hapa kutafuta pole ya mutu. Nimekosa, na nilikosa nikiwa muzima, akili zangu zote kichwani. Mutu anayekosa kwa kutojua, mumupe pole. Mimi nilijua!

Niliolewa Ndosho, hapa Goma. Jina langu halina kazi kwenu. Kule Ndosho wanalijua vizuri, na wakilitaja wanatema mate.

Mama mukwe wangu alishuka kutoka Butembo baada ya kumuzika baba mukwe. Magoti yake yalikuwa yamechoka, hakuweza tena kukaa peke yake. Bwana yangu, Kasereka, ni mufanyabiashara wa safari ndefu. Anapakia bidhaa, anapotea wiki na wiki. Kwa hiyo ndani ya nyumba tulibaki mimi, wasichana wangu watatu, na mama yake.

Huyu mama alinichukia tangu siku ya kwanza, na mimi nikamurudishia chuki yake na faida juu. Sombe yangu ya majani ya muhogo ina chumvi mingi. Bugali yangu ina mabonge. Nimezaa wasichana tu. Wageni wakifika, ndipo anaanza:

— Mutoto wangu alioa kichwa. Mikono walisahau kwao.

Anasema hivyo kwa sababu nilimaliza université. Mimi nacheka na wageni. Usiku nauma shuka.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa chumba cha mbao, kimesimama juu ya mawe ya volkano. Kasereka alimupangisha Mama Riziki, mujane aliyetoka kambi ya Mugunga. Vita vilimufukuza kijijini kwao, upande wa Masisi. Kila asubuhi alipika uji wa mutama, akauuza kwenye kona kwa watu wa moto, zile pikipiki za abiria, na wasukuma chukudu, baiskeli za mbao za muzigo. Kikombe cha kwanza alimuletea mama mukwe. Bure. Wanakaa wawili hapo mulangoni, wanaongea mambo ya mashamba, wanacheka mpaka kukohoa.

Mimi niliyemuogesha, mimi niliyemukanda magoti, sikuwahi kuona meno ya yule mama. Mama Riziki aliyaona kila asubuhi!

Ulikuwa wivu. Hata sikatai.

Sasa muangalie bonbon ilivyoingia.

Shemeji yangu Paluku, mukubwa wa Kasereka, anaishi Amerika. Alisikia mama yake analia magoti, akatuma chupa ndogo ya mafuta, inaitwa CBD. Rafiki yake aliipitisha Kigali, akavuka nayo mupaka wa Petite Barrière ndani ya begi la nguo za watoto. Tulimuwekea mama mukwe matone chini ya ulimi. Hakulewa, hakubadilika. Alisema magoti yamepunguza kelele. Labda ilikuwa dawa, labda ilikuwa furaha ya kukumbukwa na mutoto.

Muzigo wa pili ulipofika, chini ya chupa kulikuwa na sashe ya bonbon. Nyekundu na kijani, zimepakwa sukari, sawa zile za watoto. Paluku akatuma sauti kwa WhatsApp:

— Shemeji, ile bonbon ni delta huit. Muuzaji alinipa juu ya zile chupa. Inatoka ku ile mumea moja na CBD, lakini hii iko na nguvu. Usimupe mama mpaka niulize vizuri. Uweke kando.

Nikaweka kando. Lakini mimi ni mutu wa kusoma. Nikaingia kwenye interneti, nikalinganisha hizo mbili kama mutu anajiandaa kwa mutihani.

Nilisoma kwamba CBD na delta-8, ile delta huit ya Paluku, zote zinatoka kwa chanvre, ndugu wa bangi. CBD haileweshi. Inaweza kuleta usingizi, inaweza kugombana na dawa zingine ambazo mutu anakunywa, lakini kichwa chako kinabaki chako. Delta-8 ni hadithi ingine. Kwenye mumea iko kidogo sana, basi wanachukua ile CBD, wanaigeuza na asidi, wanaimwaga juu ya sukari. Hiyo inalewesha! Wanaandika kwamba haifikii bangi yenyewe kwa nguvu. Kutofikia si kukosa! Na mara nyingi hakuna anayepima kama kilichoandikwa juu ya sashe ndicho kilichomo.

Tena nilisoma kwamba ukiila, inachelewa. Unangoja saa nzima, hata zaidi, unasema hii ni bure. Kumbe iko njiani inakuja. Na kwa muzee anayekunywa dawa ya tansio, presha ya damu, kama mama mukwe, moyo unaweza kukimbia, kichwa kinaweza kupotea.

Na sheria? Kule kwa Paluku wanaiuza stesheni ya mafuta, pembeni ya shingamu. Jimbo la jirani wanaikataza. Hapa kwetu nani atakaa na wewe kuhesabu delta? Ni chanvre, na chanvre ni gereza.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani. Yote!

Siku ya dimanshi, mama yangu na mashangazi zangu walikuwa wanakuja kutoka mutaa wa Mapendo, baada ya misa, kumuona mutoto wangu wa tatu. Mara ya mwisho walipokuja, mama mukwe alimuangalia mama yangu machoni, akamwambia:

— Mulikula mbuzi zetu za mahari bure.

Mama yangu alilia njia nzima kurudi. Niliapa haitatokea tena. Nilitaka huyu mama alale tu muchana ule. Alale, wageni wangu wale, wambebe mutoto, waende na amani. Musiniambie nilikuwa na nia nzuri. Sikuwa nayo. Nilitaka kumuzima kama taa!

Nikamupa bonbon moja.

— Mama, Paluku ametuma dawa ingine ya magoti. Hii iko tamu.

— Paluku wangu! Akasema hivyo na mikono miwili mbele, kama anapokea komunyo.

Nikangoja. Hakulala. Alijifunga kitambaa kipya, akajivuta mpaka kiti cha mulangoni, macho makali.

— Bako wapi hao batu yako? Ama haya imewarudisha njiani?

Damu ilinipanda. Nikaingia ndani, nikatoka na zingine mbili. Nilijua inachelewa. Nilikuwa nimesoma! Lakini hasira haijui kusoma. Alizila zote, akalamba sukari kwenye vidole.

Wageni wakafika. Nikaleta bugali na samaki. Mambo yalienda vizuri, hata nikaanza kujipongeza. Mama mukwe alikuwa anaangalia mukono wake na kucheka polepole. Shangazi yangu mumoja akacheka naye. Mama yangu akanong'ona:

— Leo mama mukwe wako iko na roho ya muzuri.

Kisha cheko ikakatika. Sitasahau sura ile. Macho yalimutoka, akashika kifua.

— Moyo! Moyo inakimbia! Kasereka, Kasereka, volkano imeshuka! Moto iko ndani ya nyumba, mutoe batoto!

Hakukuwa na moto. Kasereka hakuwepo. Lakini muzee anayejua Goma, ukimwambia macho yake yanaona moto wa mulima, hatakaa kwenye kiti. Akasimama na magoti yake yale, akakimbia. Mama mukwe alikimbia! Hatua chache tu, akaanguka juu ya mawe ya nje. Nilisikia mufupa. Yee Mungu wangu, nilisikia mufupa!

Parsele, uwanja wote wa nyumba, ikajaa watu. Yeye anatapika, anaita baba mukwe aliyekufa, anasema mawe yanamuchoma. Jirani yetu mumoja, fundi wa milango ya chuma, akapiga kelele:

— Huyu mama amekula nini?

Watu wote wakanigeukia. Sikieni vizuri sasa, maana kosa langu kubwa ni hapa.

Nikasema:

— Uji. Uji wa asubuhi.

Haikuwa uongo. Alikunywa uji kweli. Ndiyo ubaya wake! Mutu anaweza kuua kwa neno la kweli.

— Karuho! mwanamuke mumoja akalia.

Mutu wa Kivu hahitaji kuelezwa neno hilo. Ni sumu ya kienyeji, ile tunayoiogopa kuliko bunduki. Likitajwa ndani ya watu wengi, hakuna tena wa kuuliza swali.

Mama Riziki alitoka chumbani kwake anakimbia, mikono ina maji ya kuosha sufuria. Hata hakujua wanasema nini. Akapiga magoti, akabeba kichwa cha mama mukwe.

— Mama, niko hapa. Ni miye.

Wakamukamata pale pale.

— Ni wewe! Umemupa nini?

— Miye? Ile uji miye mwenyewe nimekunywa! Batu yote ya kwenye kona bamekunywa! Muende mubaulize!

— Batu ya kambi! Tunabapa nyumba, banatuletea sumu!

Sufuria yake wakaipiga teke. Mutu akamuvuta kitambaa, mwingine akaokota jiwe, na Goma mawe hayatafutwi, unainama tu. Mama Riziki akanitafuta kwa macho ndani ya watu wote wale.

— Jirani, sema! Si unanijua? Sema!

Nikaangalia chini. Nikajifanya napanga shuka la mutoto. Mama yangu, aliyenizaa, alisimama pembeni yangu akiona sifungui kinywa.

Aliyemutoa ni motari mumoja, mumoja wa wale waliokunywa uji wake kila asubuhi. Aliingiza pikipiki yake katikati ya watu akipiga honi, akampakia, wakaondoka. Mukono wa kuume wa Mama Riziki ulikuwa unaning'inia. Mbao za chumba chake wakazigawana za kupikia.

Munafikiri niliishia hapo? Hapana!

Lopitali tulikomufikisha, munganga, yaani daktari, aliniita pembeni. Hakuna mutu aliyetusikia. Akauliza kwa upole:

— Mama, huyu muzee amekula kitu cha kulewesha? Unaweza kuniambia. Nataka kumusaidia tu.

— Hapana, munganga. Ni mama wa kanisa.

Neno moja lingetosha. Angemuwekea maji, angeangalia moyo wake, angeshughulikia mufupa. Kwa sababu sikusema, baba mudogo wa Kasereka alikuja na ndugu zake, wakasema karuho haitibiwi na dawa za wazungu. Wakamutoa kitandani na nyonga yake iliyovunjika, wakampeleka kwa muzee anayetapisha watu kwa majani. Alitapika mpaka hakuna kitu tena. Waliporudi naye lopitali alikuwa amekauka kama ganda la muhindi. Nyonga iliunga vibaya. Hatembei mpaka leo.

Nilimupigia Paluku. Nilitegemea atanilazimisha kusema ukweli. Alilia kwanza, kisha akawa mukali:

— Nilikuambia uweke kando! Huku ni kitu ya duka, kule batasema nilituma bangi. Nyamaza kabisa. Unasikia? Nyamaza!

Nikamupenda kwa neno hilo. Nilikuwa natafuta mutu wa kuniambia ninyamaze.

Siku akili za mama mukwe zilirudi, kitu cha kwanza aliuliza:

— Riziki iko wapi?

Baba mudogo akamwambia: yule mushenzi tumemufukuza, uji wake ulikuwa na sumu.

— Uji ya Riziki? Hapana. Ni ile bonbon.

Akageuza kichwa, akaniangalia.

— Sema bonbon.

Na mimi, mutoto wa misa, niliyebatizwa, nikamugeukia baba mudogo:

— Mama bado anachanganyikiwa.

Tangu siku ile mama mukwe hakunitukana tena. Sombe yangu hakuisema. Bugali yangu hakuisema. Nikimuogesha anaangalia ukuta. Miaka yote niliomba afunge kinywa, na alipokifunga, nilikuwa nasikia kila dakika ya unyamavu ule!

Kasereka alirudi kutoka safari amevimba kwa hasira. Jirani walikuwa wamemujaza. Akavaa viatu, akasema anaenda kutafuta watu wa usalama, waende pamoja Mugunga, Mama Riziki afungwe.

Hapo ndipo nilivunjika. Si kwa sababu ya uzuri wa roho. Niliona tu mukono ule ukining'inia.

— Kasereka, usiende. Ni mimi.

Nikamwambia yote. Bonbon, wageni, neno uji, munganga, kitanda cha lopitali. Alikaa chini polepole. Aliuliza swali moja:

— Ulijua ile kitu inalewesha?

— Nilijua.

Alivua viatu vyake, kimoja kimoja. Kisha akasema:

— Kumuchukia mama yangu, ningeelewa. Chuki iko ndani ya kila nyumba. Lakini ulimutafuta mutu asiye na mutu, ukamubebesha.

Nilienda Mugunga kumutafuta Mama Riziki. Niliuliza watu, nikamukuta mbele ya kibanda cha bâche, turubai la kambi, anachambua maharagwe kwa mukono wa kushoto. Wa kuume umeunga umepinda. Nilikuwa nimebeba unga, sukari na kitenge. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikalia, nikamwambia ukweli. Aliendelea na maharagwe yake mpaka nikamaliza.

— Ulijua siku ile ile?

— Nilijua, mama.

— Na mimi nilikuita.

— Uliniita.

Akasukuma unga wangu na muguu.

— Rudisha. Unataka nikusamehe hapa, mahali hakuna mutu anasikia? Bale batu balinipiga muchana, mbele ya kila mutu. Wende useme kule ulinyamaza. Kisha usirudi huku.

Nikaenda. Jumamosi, watu wa avenue walipomaliza salongo, ile kazi ya usafi ya pamoja, bado wameshika majembe na mafagio, nilimuomba shefu wa avenue aniache niseme. Nikasema. Nilisema mpaka mwisho, na jina la bonbon nikalitaja.

Mama mumoja alinimwagia maji ya mufereji. Wengine waliniita muchawi, muuaji, wakanikumbusha université yangu. Yule fundi wa milango akanijia mpaka puani:

— Wewe njo ulituponza! Ulitutia dhambi!

Nilikubali. Lakini niliangalia zile nyuso zote, na nikangoja mutu mumoja aseme: mimi nilirusha jiwe. Mutu mumoja aseme: zile mbao nilizipikia. Hakuna! Walikuwa wamepata wa kumubebesha tena, na mara hii walipata wa kweli, basi wakarudi nyumbani wepesi kabisa.

Kasereka alinirudisha kwa dada yangu mukubwa, kule mutaa wa Mapendo. Wasichana wakubwa walibaki kwake. Nilibaki na huyu mudogo kwa sababu ananyonya. Mama yangu ananiletea chakula, anaweka mezani, haniulizi kitu. Paluku amekata simu zangu zote. Zile bonbon zilizobaki nilizitupa chooni, lakini hata leo nikiona mutoto analamba sukari ya rangi, navuka barabara. Kasereka alienda mwenyewe kumuomba Mama Riziki arudi, atajengewa chumba kingine. Alikataa. Alisema hawezi kulala katikati ya watu wale.

Munganga yule nilirudi kumuona, nikamwambia ukweli wakati haukuwa na faida tena. Alivua miwani, akaniambia angalau angejua anapigana na nini. Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza!

Sasa ninyi.

Ninyi muko Ulaya na Amerika, munatutumia vitu vya duka ambavyo ninyi wenyewe hamuvijui: muache! Kama kwenu ni halali, huku muzee wako ana tansio, na sheria ni ingine. Chupa na bonbon zinaweza kutoka kwa mumea mumoja, moja ikuachie akili yako, ingine iichukue.

Ninyi munabaki na wazee nyumbani: muzee akikushinda, sema umeshindwa. Ita ndugu zake, lia, gombana hata barabarani. Usimupe kitu kwa siri ili anyamaze. Na ukishakosa, munganga akikuuliza, sema! Aibu haijawahi kuvunja nyonga ya mutu.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa unaniita shetani, endelea, ni haki yako. Lakini muko wengi muliokuwa ndani ya parsele yetu dimanshi ile. Najua munasoma, maana jambo hili mumelipeleka ku kila simu. Mama Riziki bado yuko Mugunga, na mukono wake haukuvunjwa na bonbon.

Mimi nimesema. Ninyi munangoja nini?